Jumbe Kumi na Moja za Dancille

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua tangu alfajiri, na njia za mtaa wa Mabanga zimekuwa uji mweusi. Profesa Barthélemy ametaka kila mtafiti awe na daftari lake mwenyewe kando ya fomu. "Humo uandike kile ambacho fomu haiulizi," alisema. "Hata hasira zako, Charline." Anajua ninazo.

Ametuagiza pia tuanze kwa kujieleza. Basi: Charline Kanyere, mzaliwa wa Butembo, miaka ishirini na saba, nakaa mtaa wa Murara kwa mama mdogo Sylvie, mchuuzi wa maharage. Hadi mwisho wa Februari kazi yangu ni kutembelea familia sita za Mabanga, kila wiki, kuona watoto wa chini ya miaka sita wanafanya nini na simu za wazazi wao nyumbani. Watu hucheka nikiwaeleza. Vita viko juu ya vilima vya Sake, nami nahesabu mara ngapi mtoto amegusa kioo cha simu.

Akina mama hawana muda wa kuandika, na wengine hawakusoma. Kwa hiyo nimebuni njia yangu: kila nyumba nimeipa kopo tupu la maziwa na maharage ya rangi tatu, zawadi ya mama mdogo. Mtoto akitazama video, mama anatia koponi haragwe jekundu. Akicheza mchezo, jeupe. Akiongea na mtu, la njano. Mimi nikija nahesabu. Profesa ameipenda hata ameanza kuiita "mbinu yetu". Ya kwake iko wapi humo, sijui.

Ijumaa, 8 Novemba

Nyumba ya sita. Chumba kimoja cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe ya volkano, mlango wa buluu. Mwenyewe anaitwa Pascasie Uwingabire, alikimbia kutoka Kalengera, Rutshuru, mwaka juzi. Mume wake, Sibomana, ni askari wa serikali, yuko mstari wa mbele Sake. Mtoto ni mmoja, Dancille, miaka minne, amepewa jina la nyanya yake. Simu ni moja, kioo kimepasuka pembeni.

Pascasie alijibu kila swali kwa maneno matatu, bila kunitazama usoni. Kwa mtoto anasema Kinyarwanda, kwangu Kiswahili. Jioni nikamsimulia mama mdogo, naye akaacha kupepeta maharage. "Angaliya sana," alisema. "Bale batu banasikilizanaka na waasi benye kuwa kule juu. Leo anakupa chai, kesho unasikia jina yako." Nilimwambia aache maneno hayo, mume wa huyu mama anapigana upande wetu. Lakini niandike ukweli: nilipokuwa chumbani mwake nilihesabu hatua za kufika mlangoni.

Ijumaa, 15 Novemba

Kopo la Pascasie tupu, na mfuko wa maharage tupu. Nikamuuliza kama mtoto hakugusa simu wiki nzima.

"Aligusa sana."

"Na maharagi?"

"Tulikula." Akatazama chini. "Siku ya tatu ilikuwa hakuna kitu. Nilifikiria, mademoiselle atakasirika, lakini atakasirika akiwa ameshiba."

Ni kweli nilikuwa nimeshiba. Nilikwenda kwenye kibanda cha soda, nikaomba vifuniko vya rangi tatu, na sasa nyumba zote sita zinatumia vifuniko. Kwenye fomu nimeandika: takwimu za wiki ya pili zimeliwa. Profesa hatacheka.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo nimepata kitu. Kwa Pascasie, vifuniko vya njano ni vingi kuliko vyote. Dancille hajui kusoma, lakini anajua kufungua simu, kumtafuta baba yake kwa sura, kubonyeza palipo na kinasa sauti na kuongea. Sibomana hujibu akipata nafasi. Shida ni kwamba mtoto hupotea njiani: juzi habari za jino lake zilifika kwa kwaya nzima ya parokia.

Nikachukua simu, nikaweka sura ya Sibomana peke yake mbele kabisa, akibonyeza mara moja tu anafika kwake. Dakika mbili za kazi. Dancille alijaribu, akafaulu, akaruka. Pascasie alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka, akaniambia: "Sasa papa yake eko karibu. Aksanti, dada." Ameacha kuniita mademoiselle. Nilirudi Murara nikiimba kwenye mvua kama kichaa.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Watoto wawili wana surua. Hakuna ziara.

Ijumaa, 6 Desemba

Sibomana amepewa ruhusa ya siku moja. Ni mrefu, mpole, anakohoa sana kwa moshi na baridi ya mahandaki. Tulikuwa tumekaa naye kwenye kitanda pale Dancille alipochukua simu ya mama yake, akabonyeza sura, akaanza: "Papa, leo papa amekuja, ameniletea biskuti." Simu ikalia ndani ya mfuko wa suruali ya baba yake. Tulicheka sana. Sibomana akaitoa, akasikiliza, akajibu kwa ujumbe akiwa hatua moja kutoka kwa binti yake, na binti akasikiliza kwa makini sana, akampa biskuti moja papa aliyekuwa pale.

Kwake ni watu wawili. Yule wa simu ni wa kuambiwa mambo yote, yule mwingine huja na kuondoka. Nimeandika kurasa nne. Profesa amesema tutaandika makala.

Nilimuuliza Sibomana kwa nini simu yake haina namba ya siri. "Juu ya huyu," alisema, akimwonyesha mtoto. "Nikifika, anataka kufungua mwenyewe."

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mizinga ilisikika wakati wa misa, mbali. Padri aliinua sauti kidogo.

Ijumaa, 10 Januari 2025

Familia moja imevuka mpaka kwenda Gisenyi. Zimebaki tano. Pascasie amenipa viazi vitamu nimpelekee mama mdogo. Mama mdogo aliviangalia muda mrefu, kisha akavipika.

Jumapili, 19 Januari

Kila siku watu wanaingia kutoka Sake na magodoro kichwani. Profesa anasema tuendelee. Nimeanza kujaza fomu kwa penseli, nikikosea nifute.

Alhamisi, 23 Januari

Sake imekwenda, waasi wameishika. Profesa amevuka mpaka asubuhi, ametuma ujumbe mmoja: "Lindeni fomu." Mimi atanilinda nani?

Jumapili, 26 Januari

Mtandao umekatika adhuhuri. Ujumbe wangu wa mwisho ulikuwa kwa kaka yangu Butembo, hata sijui kama ulifika.

Jumatatu, 27 Januari

Wameingia mjini. Niko chini ya kitanda na mama mdogo. Anasali, mimi naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Jumanne, 28 Januari

Bado.

Jumatano, 29 Januari

Hakuna maji, hakuna umeme, hakuna mtandao. Simu yangu imekufa. Risasi zimepungua. Bati la jirani limetobolewa matundu saba, nimeyahesabu, sijui kwa nini nahesabu.

Ijumaa, 31 Januari

Ni siku ya Pascasie. Mama mdogo aliniita mjinga, akanifunga kitambaa kichwani mwenyewe, akaniambia nipite njia za ndani.

Barabarani kuna sare za kijeshi kila mahali. Suruali, makoti, buti, kofia, vimetupwa kwenye mitaro na juu ya mawe. Wanaume walivua palepale walipokuwa, wakaendelea kukimbia na kaptula. Na kuna wengine ambao hawakukimbia tena. Sitaandika nilichoona karibu na mzunguko wa barabara kuu.

Pascasie alifungua mlango kidogo, akaniona, akanivuta ndani. Alisogeza kitanda, akainua mbao mbili za sakafu, na chini yake, kati ya mbao na mawe, Sibomana alikuwa amelala chali. Hapatoshi hata kugeuka ubavu. Alifika Jumatatu jioni kwa miguu mitupu.

Nilikaa kitandani. Wanaume wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta askari waliojificha. Kila mtu mjini anajua.

"Dada, usiogope," aliniambia kutoka chini. Yeye ndiye aliyekuwa ananituliza. Alieleza alivyovua sare kando ya njia, giza likianza kuingia, watu wanakimbia, risasi zinapiga bati. Alipofika hapa ndipo akakumbuka: simu ilibaki mfukoni mwa suruali. Aliyeiokota hamjui.

Dancille yeye alikuwa sawa, kuliko sisi wote. Alinionyesha simu ya mama yake, asilimia tisa ya moto wa betri imebaki. Anaendelea kumwongelesha baba yake wa simu ingawa hakuna mtandao, na baba mwenyewe yuko chini ya miguu yake. Hajali kwamba hajibiwi. Nilimwona akirekodi. Nikatoa fomu, kwa mazoea tu, nikaandika: anaendelea hata bila mtandao, muhimu. Nikapigia mstari.

Jumamosi, 1 Februari, asubuhi

Nimesoma fomu ya jana. Ee Mungu wangu.

Jumbe hizo hazikupotea. Zimekaa ndani ya simu, kila moja na alama yake ndogo ya saa, zinasubiri. Siku mtandao utakaporudi zitaondoka zenyewe, bila mtu kubonyeza chochote, na zitakwenda kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwa suruali. Nayo haina namba ya siri.

Ni mimi niliyeiweka sura yake mbele. Mimi, mtaalamu wa watoto na simu, nilikaa mbele ya yule mtoto akirekodi, nikaandika "muhimu", nikaenda zangu. Nakwenda Mabanga sasa hivi.

Jumamosi, mchana

Simu haipo. Jana nilipoondoka, Pascasie aliipeleka kwa muzee Laurent, mwenye paneli ya jua kwenye kona, aichaji, ili mtandao ukirudi apate habari za mama yake. Nilikimbia hadi kwa Laurent. Kibanda kimefungwa kwa kufuli mbili. Jirani yake anasema amekwenda kuzika, atarudi Jumatatu. Niliuangalia mlango ule, ni bati nene, na kwenye kona kuna kizuizi chenye wanaume watano. Sikuthubutu kuugusa.

Nilirudi, nikamweleza Pascasie yote. Nilimwambia ni kosa langu. Nilitarajia anifukuze.

Akauliza: "Alisema nini ndani?"

Tukamuuliza Dancille. "Nilisema mingi," alijibu, akaendelea kupanga vifuniko vya soda.

"Siku ile ulifurahi," Pascasie aliniambia. "Mie pia nilifurahi. Wacha kulia, majirani watasikia."

Huyu ndiye niliyekuwa nahesabu hatua za kumkimbia.

Sibomana alitaka kutoka papo hapo. Lakini ua ni wa nyumba tano, na leo wanaume wa kwenye kizuizi wanasimamisha kila kijana anayetembea peke yake. Wamekubaliana hivi: Jumatatu wakimbizi wa Rutshuru walioko kambini wanaanza kurudi makwao kwa wingi, barabara ya kaskazini imefunguliwa. Atatoka kati yao na godoro kichwani, kama mkimbizi anayerudi shambani. Ataelekea Kalengera, kule waasi walikotoka. Hakuna atakayemtafuta upande huo.

Basi ni siku mbili. Mtandao ungoje siku mbili tu.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani watu waliombea mtandao urudi, ili wajue nani yu hai. Mimi niliomba usirudi. Sijawahi kuomba kinyume na kanisa zima.

Jumatatu, 3 Februari

Nitaiandika siku hii taratibu.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Laurent na jeto ya Pascasie mkononi, kikaratasi cha kuchukulia simu, namba 31. Alikuwa ndio anafungua. Ni mzee wa utaratibu, kila simu ina karatasi imefungwa kwa mpira, zimepangwa mezani kama wanafunzi. Mbele yangu walikuwa watu wanane.

"Papa Laurent, tafadhali, ni haraka."

"Mama, hapa kila mutu eko na haraka. Panga mustari."

Nilipanga. Alihudumia wa kwanza, wa pili. Alikuwa anamtafutia wa tatu simu yake pale simu moja ilipolia. Kisha mbili. Kisha meza nzima ikaanza kulia na kutikisika, simu arobaini kwa mara moja, na watu wote kwenye mstari wakapiga vigelegele. Mama mmoja alinikumbatia. "Rezo imerudi, mtandao umerudi!" alisema, machozi yakimtoka, nami nilimsukuma.

Nilipita mbele ya wote. Laurent alishika mkono wangu: "Jeto iko wapi?" Nikaitupa mezani, nikaichukua simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Wakanitukana, sikujali.

Sura ya Sibomana ilikuwa palepale nilipoiweka. Nikabonyeza. Jumbe kumi na moja. Zote zimefika.

Kila ujumbe wa sauti una picha ndogo ya kinasa sauti pembeni, na ukisikilizwa upande wa pili, picha hiyo hugeuka buluu. Ule wa kwanza ulikuwa tayari buluu. Nilipokuwa nautazama, wa pili ukageuka. Mtu alikuwa amekaa mahali fulani mjini humu anamsikiliza Dancille, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, bila haraka.

Najua kuufuta ujumbe pande zote mbili. Lakini sikujua upi umebeba nini, na kusikiliza hakukuwa na muda. Nikaanza kufuta kutoka chini, yeye akisikiliza kutoka juu. Wa kumi na moja nikafuta. Wa tatu ukageuka buluu. Wa kumi. Wa nne. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa jasho, na kioo kile kilichopasuka hakinisikii vizuri. Wa tisa nilibonyeza mara tatu. Wa tano, wa sita. Nikafuta wa nane. Nikanyoosha kidole kwenye wa saba, nao ukageuka mbele ya macho yangu.

Nne zangu, saba zake. Nikaegemea ukuta palepale, nikaiweka simu sikioni, nikasikiliza alichokisikia.

Wa kwanza: "Papa, mie Dancille, rezo hakuna." Wa pili ni mkwaruzo tu. Wa tatu: "Papa, bunduki ilipiga sana, mama alilala juu yangu." Wa nne, anakula mkate tu. Wa tano: "Papa, ambia papa asikohoe. Eko chini ya mbao, anakohoa, mama anakasirika." Wa sita ni wimbo wa shule. Wa saba: "Papa, kuya." Njoo.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilimwambia Pascasie kwa kichwa tu, naye akaelewa. Godoro lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba. Sibomana alitoka chini ya mbao amejaa vumbi jeusi, Pascasie akampangusa kwa khanga, akampa jembe na bidoni tupu ya maji. Nje, barabara kuu ilikuwa imejaa watu wa kambi wanaoelekea kaskazini, tulisikia miguu yao.

Hakumuaga mtoto. Angemuaga, mtoto angesema. Nilimpakata Dancille, uso wake kifuani kwangu, nikamwimbia wimbo wake wa shule kwa sauti huku baba yake akipita nyuma yangu. Alisimama kidogo. Nilihisi mkono wake ukigusa nywele za binti yake, juu juu, kisha mlango ukafungwa.

Niliona nimshawishi Pascasie tuhamie Murara mara moja. Alikataa. "Mwenye kukimbia leo, njo mwenye kutafutwa kesho. Nikihama, majirani watauliza juu ya nini. Nitakaa. Nitafua nguo." Akaanza kufua.

Saa tano simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa simu ya Sibomana. Sauti ya mwanamume, nzuri, ya upole: "Dancille, habari? Mie ni rafiki ya papa. Papa anakohoa bado?"

Pascasie aliusikiliza mara mbili. Kisha akafuta mikono, akaniangalia usoni.

"Watamuuliza mutoto. Mie nitajua kunyamaza. Yeye hapana. Dada, weye njo ulisomea batoto. Mufundishe."

Na mimi nikamfundisha. Naandika hili kwa sababu fomu haina nafasi yake. Nilijua namna: maneno machache, yaleyale kila mara, na zawadi ndogo papo hapo. Nilikatakata mkate vipande vidogo. "Papa yako eko wapi?" Jibu: "Mie sina papa." Kipande. Mara ya kwanza alicheka. "Niko naye," alisema, akaonyesha sakafu. Hakuna kipande. Mara ya tatu alilia. Mama yake alitoka nje, akainamia beseni. Nikabadilisha sauti, nikafanya nzito, nikafanya ya upole, nikachuchumaa kama wanavyochuchumaa watu wazima wanapotaka kitu kwa mtoto. Nikachezesha sauti yake mwenyewe kwenye simu, nikauliza ni nani huyu. Jibu: "Si mie." Kipande. Kufikia saa tisa alijibu bila kusita na bila kuniangalia. Ni mtoto mwepesi sana, niliandika hivyo tangu Novemba.

Nililala kwao. Mama mdogo alimtuma mtu kuniulizia, nikajibu niko kazini.

Jumanne, 4 Februari

Wamekuja saa tatu asubuhi, wawili. Mmoja alikuwa na simu ya Sibomana mkononi. Kuna picha humo, Dancille mbele ya mlango wa buluu, na namba ya nyumba imeandikwa kwa chokaa. Haikuwachukua muda.

Mmoja alibaki na Pascasie kwenye beseni. Mwingine aliingia, akasogeza kitanda, akainua mbao. Mawe, vumbi, chupa ya maji. Aliiokota chupa, akainusa. "Batoto batupaka vitu mule kwa nafasi ya mbao," Pascasie alisema kutoka mlangoni, na sauti yake haikutikisika. Yangu ingetikisika, ndiyo maana nilinyamaza.

"Na weye ni nani?"

"Mwalimu ya batoto wadogo."

Aliniangalia mpaka nikahisi mkojo unanitoka. Ulinitoka, kidogo. Kisha akachuchumaa mbele ya Dancille, vilevile nilivyochuchumaa mimi, akatabasamu, akabonyeza simu. Sauti ya mtoto ikajaa chumbani: papa asikohoe, eko chini ya mbao.

"Huyu ni nani?"

"Si mie."

"Ni weye. Uko na sauti muzuri. Papa eko wapi?"

"Mie sina papa."

Aliuliza tena kwa Kinyarwanda. Kwa Kinyarwanda sikumfundisha. Dancille alimwangalia, akaangalia simu, akajibu kwa Kinyarwanda, maneno yaleyale. Mama yake alimfundisha usiku, peke yake.

Yule mtu alibaki amechuchumaa. Sijui kama alimwamini. Nadhani hakumwamini, nadhani alichoka tu, au naye ana mtoto. Alichukua simu ya Pascasie kutoka juu ya meza, akaitia mfukoni pamoja na ile nyingine, na wakatoka. Dancille akanyoosha mkono kwangu. Nikampa kipande cha mkate.

Ijumaa, 7 Februari

Pascasie na mtoto wamehamia kwetu Murara, sasa hata majirani wanaona ni sawa, nyumba yake imevunjwa mbao. Ni mama mdogo aliyesema waje. Amewapa chumba cha magunia. Hajasema lolote juu ya maneno yake ya Novemba, nami sijamkumbusha.

Hakuna habari za Sibomana.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua imerudi. Nikisikia buti nje najikuta nimesimama katikati ya chumba. Mama mdogo amekwenda Rutshuru kutafuta maharage, nilimwomba asiende.

Jumatano, 12 Februari

Mama mdogo amerudi mchana huu na magunia mawili, ameloa hadi mifupani. Alimwita Pascasie chumbani, akaniashiria na mimi niingie, akafunga mlango. Alipita Kalengera, alikoelekezwa na Pascasie. Alimwona Sibomana kwa macho yake kwenye shamba la mama yake, anapalilia. Amekonda, amefuga ndevu, anakohoa, yuko hai. Hakumwendea karibu, alinunua maharage kwa mama yake tu, na mama yake akamnong'oneza neno moja la kuleta.

Pascasie alikaa juu ya gunia na kufunika uso kwa mikono. Mama mdogo alikaa karibu naye, akamshika bega. Nilikuwa sijalia tangu Jumamosi ile, nikalia.

Kisha Pascasie akamwita Dancille aliyekuwa akicheza pembeni. Alimweka magotini, akaangalia kama mlango umefungwa, akamsogelea sikioni. Alimwambia polepole, kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: "Papa anakusalimia. Papa yako ni muzima. Anasema anakupenda sana."

Dancille aliuangalia mlango. Akatuangalia sisi watatu, mmoja mmoja.

"Mie sina papa," alisema.

Mama yake alimwambia hapana, sasa tuko peke yetu, sasa unaweza kusema. Alirudia vilevile, kwa sauti ileile, bila kusita. Kisha akanigeukia mimi, akafungua kiganja, akingoja mkate.